Maswali ya Wasomaji: Nimeambiwa Pingili Zimesagika, Je, Nifanyiwe Upasuaji?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama wa miaka 46, fundi cherehani hapa Morogoro kwa miaka 22. Huu ni mwaka wa tatu naumwa kiuno, hasa ninapoamka na jioni baada ya kushona, na mara nyingine maumivu hushuka hadi kwenye paja la kulia. Nilipigwa picha nikaambiwa pingili za chini zimesagika, nisiiname wala kunyanyua kitu kizito. Tangu hapo navaa mkanda kutwa, nalala kwenye mkeka sakafuni, maji wanabeba watoto, na nikizidiwa nachomwa sindano ya diklofenaki kwenye duka la dawa. Je, kilichobaki ni upasuaji?

JIBU: Asante, dada yangu. Umeniita daktari, lakini mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na sisi huuliza mgonjwa anaketije kabla ya kuuliza picha inasema nini. Kwa barua yako, hata hivyo, lazima nianze na picha, kwa kuwa naona neno “zimesagika” limekutesa kuliko pingili zenyewe.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani kipande laini kama mto, ambayo hupungukiwa maji na kuwa nyembamba kadiri umri unavyosonga. Mabadiliko hayo huonekana hata kwa watu wasioumwa popote: katika kila watu 100 wa miaka 40 wasio na maumivu ya mgongo, takribani 68 wana diski zilizoanza kuchakaa, na wakifika miaka 50 idadi hiyo ni 80. Picha yako, basi, huenda imeonyesha umri wako tu. Maumivu ya kiuno yanayozidi miezi 3 huitwa sugu, na kwa wagonjwa takribani 9 kati ya 10 hakuna ugonjwa mmoja wa kunyoshewa kidole. Sisemi kwamba unajisingizia. Maumivu yako ni ya kweli, ila yanalishwa na misuli iliyolegea kwa kutotumika, mishipa ya fahamu iliyozoea kupiga kelele kwa jambo dogo, usingizi mbovu na hofu ya kuinama.

Ndiyo maana mkanda unanitia wasiwasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 hauupendekezi kwa maumivu sugu ya aina hii, bali unapendekeza mazoezi, elimu kwa mgonjwa na baadhi ya tiba za mikono kama kukandwa. Uvue kidogo kidogo, ukianzia na saa za asubuhi. Mkeka nao una sifa usizostahili: katika jaribio lililofanywa Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno na kuchapishwa mwaka 2003, waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia godoro gumu. Kuhusu sindano, dawa hiyo hutuliza kwa muda, lakini kuichoma mara kwa mara bila kupimwa shinikizo la damu na figo ni kukaribisha vidonda vya tumbo na madhara ya figo.

Sasa tuje kwenye kiti chako. Mafundi wengi hukata kitambaa wakiwa wamechuchumaa au wameinama sakafuni, kisha hukaa saa tatu mfululizo kwenye kigoda kifupi. Katia kwenye meza inayofika kiunoni ukiwa umesimama, inua kiti ili usiikunjamie cherehani, na kila nusu saa inuka, hata kama ni kwenda kupiga pasi tu. Kisha tembea. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2024 lilifuatilia watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno karibuni. Waliofundishwa kutembea hatua kwa hatua hadi dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, walikaa takribani siku 208 kabla ya maumivu kurudi, na wenzao siku 112. Wewe hujapona bado, kwa hiyo anza na dakika 10. Jioni lala chali, kunja magoti, inua makalio taratibu mara 10. Ndoo usiiogope: anza na lita 5, baada ya wiki mbili nenda 10, ukiibeba karibu na mwili. Kiuno kikiuma kidogo wakati wa zoezi na kutulia kufikia kesho yake, hujajidhuru; kikikesha kinauma, punguza kipimo, usiache. Jipe wiki 6 hadi 12 kabla ya kuhukumu, na tarajia siku mbaya katikati.

Upasuaji huwafaa wachache, hasa wenye mshipa wa fahamu uliobanwa na mguu unaopoteza nguvu. Ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu kulegea, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Homa, kukonda na jasho la usiku vichunguzwe mapema, kwani kifua kikuu cha uti wa mgongo bado tunakiona.

SWALI: Mume wangu ni dereva wa bodaboda, anaumwa kiuno. Mmoja anasema ngiri, mwingine figo. Kwa miezi minane anatumia unga wa mitishamba unaomtuliza ndani ya saa moja.

JIBU: Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, hayabadiliki sana mtu akiinama, na mara nyingi huambatana na homa au mkojo wenye damu; kipimo cha mkojo kitasaidia kuamua. Ngiri halisi huonekana kama uvimbe kinenani. Kinachonitisha, mama, ni unga unaotuliza haraka hivyo, kwa sababu baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba zimewahi kukutwa zimechanganywa na dawa za hospitali, zikiwemo steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe ambazo mwili huzizoea. Ikiwa ndivyo, kuuacha ghafla baada ya miezi minane kunaweza kumdhuru. Asiukatize mwenyewe, bali aende nao hospitalini wiki hii, ukiwa ndani ya pakiti yake.