Maswali yenu ya mosaiki, zile picha za kubandika vipande vya taili na vioo: ndege asiye na uhai, kipepeo asiyeng'aa na mengine

Kasuku wangu rangi zote zipo ila hana uhai kabisa, nimekosea wapi?

Sio rangi hiyo, ni mwelekeo wa vipande. Nahisi umepanga mistari imenyooka tu kama taili za bafuni. Manyoya ya ndege yanalala kutoka kichwani kwenda mkiani, kwahiyo na vipande vyako vifuate njia hiyohiyo, vipinde shingoni, vizunguke kifuani, vikifika kwenye bawa viwe virefu na vyembamba. Chora mishale kwa penseli kwenye ubao kabla hujagusa gundi. Alafu anza na jicho, weka kipande cheusi cha duara kisha zungushia vipande vidogovidogo, maana ukilibakiza mwisho hutapata pa kuliweka utaishia kubandua. Tafuta picha ya ile mosaiki ya njiwa wanne ukingoni mwa bakuli la maji, ilifukuliwa mwaka 1737 kwenye jumba la Hadrian, kaizari wa Roma ya kale, huko Tivoli, Italia. Vijiwe vyake ni vidogo mno, ndo maana shingo zinaonekana za mviringo kweli.

Nataka kipepeo wa bluu yule morpho, kila taili ninayoweka inapoa tu

Itapoa tu, kwa sababu ile bluu yake sio rangi ya kawaida, ni vigamba vya bawa vinavyocheza na mwanga, ndo maana akigeuka kidogo inabadilika. Taili ya kauri isiyong'aa haiwezi hiyo kazi hata uitafute ya bluu gani. Tumia vioo vya rangi, changanya bluu tatu nne, na ukibandika usivilaze vyote sawasawa, inamisha kimoja huku kingine kule kidogo sana mpaka ukipita mbele yake uone vinawaka kwa zamu. Ukingo weka nyeusi. Mistari ya bawa yote inaanzia mwilini kwenda nje, na mabawa ni manne jamani, sio mawili!

Grauti, ule udongo wa kujazia nafasi kati ya vipande, iwe nyeupe au nyeusi?

Mi napenda kijivu iliyokolea, inafanya rangi zijitokeze. Nyeupe inakata picha vipandevipande, unaona mistari kabla hujaona ndege. Ijaribu kwanza kwenye vipande vilivyobaki.

Naweza kuweka bustanini mosaiki iliyobandikwa kwenye MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa?

Hapana. MDF ikinywa maji inavimba vipande vinabanduka, na gundi nyeupe ya mbao nayo inalainika. Chukua ubao wa saruji na gundi ya taili ya kutumia nje. Vioo vya kujitazamia usiweke huko, unyevu unakula ile rangi ya fedha ya nyuma vinatoka madoa meusi.

Nikikata kioo vinaruka kila mahali

Vaa miwani ya kinga, halafu ingiza mikono na koleo ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, kata humohumo. Meno ya koleo yashike ukingoni tu, ukiyapeleka katikati kioo kinapasuka kinavyotaka chenyewe.