Gwaride katika boma la Tabora

Walioanza gwaride katika boma la Tabora ni Wajerumani, si Wabelgiji wala Waingereza. Baada ya Mtemi Isike, mtawala wa Unyanyembe katika nchi ya Wanyamwezi, kushindwa Januari 1893, Wajerumani waliifanya Tabora kituo cha jeshi lao, na maboma yao ya namna hiyo kwa kawaida yalikuwa na uwanja ambapo askari walikaguliwa na kufundishwa gwaride. Wabelgiji, wakiongozwa na Jenerali Tombeur, waliuteka mji tarehe 19 Septemba 1916, lakini waliukabidhi kwa Waingereza mapema mwaka 1917. Pengine wengi huchanganya Tabora na Kigoma, ambako Wabelgiji ndiko walikokaa hasa, hadi 1921. Boma hilo la Wajerumani pia lisichanganywe na ngome ya Isike mwenyewe, iliyokuwa mahali pengine.