Kwa mashua kutoka Birmingham: London au Worcester?

SWALI: Binti yangu anayesoma Birmingham amenialika tukodi mashua nyembamba ya mferejini, tuiendeshe wenyewe hadi London kwa wiki moja. Sijui kuogelea wala sijawahi kushika usukani. Je, yawezekana?
Mwalimu mstaafu, Shanty Town, Moshi

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kuendesha mtaweza, kwa kuwa anayekodi hahitaji leseni na wenye mashua humwelekeza kabla ya kuondoka. Kufika London kwa wiki moja ndiko nisikokushauri. Kwa mfereji wa Grand Union safari hiyo ni takriban kilomita 220, na mashua haziruhusiwi kuzidi kilomita 6.4 kwa saa.

Hata hivyo, kinachokula muda ni malango ya maji, ambayo njiani humo yako 166. Mifongo ya Wachagga, yaani mifereji yao ya kumwagilia, hufuata mteremko, lakini maji ya mfereji wa Kiingereza yametulia, hivyo penye kilima hujengwa lango, yaani chumba chenye milango mbele na nyuma: mashua huingia, milango hufungwa, kisha maji huingizwa au kutolewa hadi yalingane na ya upande mnaokwenda. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya wasafiri wenyewe, kwa wenzo wa chuma na nguvu za mgongo. Mkikadiria robo saa kwa kila lango, mtasafiri karibu saa 11 au zaidi kila siku, na hayo si mapumziko ya mstaafu.

Badala yake, nendeni mji wa Worcester na kurudi. Ni kilomita 48 hivi kwenda, na zaidi ya 20 za mwanzo hazina lango hata moja, kwa hiyo utapata nafasi ya kuzoea usukani, ambao husukumwa kushoto ili mashua ielekee kulia. Baada ya hapo mtakuta Tardebigge, malango 30 yaliyofuatana. Yatengeeni siku nzima.

Kuhusu kuogelea, sehemu kubwa ya mfereji kina chake hakimzidi mtu mzima, ila ndani ya malango ni kirefu. Vaa jaketi okozi. Hatari ninayoiogopa zaidi ni ya kuteremka: chini ya mlango wa juu wa chumba kuna kizingiti kilichofichwa na maji, na maji yanapopungua, mashua iliyobaki nyuma hunasa tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, hapo, ikainamia mbele na kuzama. Ukutani pamechorwa alama ya kizingiti hicho. Anayeshika usukani ahakikishe tezi iko mbele ya alama, naye binti asiyafungulie maji mpaka umwambie.