Maswali ya Wasomaji: Chrome, Edge, Firefox au Opera Mini?

Barua nne tulizozichagua safari hii zinahusu jambo moja, yaani vivinjari vya intaneti na tofauti zake, kwa hiyo tumeziweka pamoja.

Ndugu Mhariri, ofisi yetu imeletewa kompyuta mpya zenye Edge, ilhali mimi kwa miaka mingi nimetumia Chrome. Mwenzangu ananisihi nihamie Firefox. Tatizo ni kwamba vidole vyangu vimekwisha kuzoea mikato ya kibodi. Nilipojaribu Firefox nilibonyeza Ctrl+Shift+N nikitarajia dirisha la faragha, badala yake likarudi dirisha nililokuwa nimekwisha kulifunga. Je, nitalazimika kujifunza upya? Na kipi kati ya hivi vitatu ni bora? (Katibu muhtasi, Dodoma)

Ndugu katibu muhtasi, Chrome na Edge ni watoto wa tumbo moja. Vivinjari hivi viwili vimejengwa juu ya Chromium, programu huria inayoongozwa na Google, na Edge ilihamia huko Januari 2020 baada ya Microsoft kuachana na injini yake yenyewe, yaani ile sehemu ya kivinjari inayosoma msimbo wa ukurasa na kuuchora kwenye skrini. Opera ilikuwa imefanya hivyo tangu mwaka 2013, na Brave na Vivaldi nazo zinatumia msingi huohuo. Ndiyo maana ukurasa unaofunguka vizuri kwenye Chrome hufunguka vivyo hivyo kwenye Edge, na ubishi wa ipi kati ya hizo mbili ina kasi zaidi hauna uzito mkubwa. Firefox ya Mozilla imebaki na injini yake, Gecko, na pia imebaki na desturi zake kadhaa za vitufe.

Hata hivyo, vitufe vinavyobeba kazi ya kila siku havitofautiani. Katika vivinjari vyote vitatu, Ctrl+T hufungua kichupo kipya, Ctrl+W hukifunga, na Ctrl+Shift+T hukirudisha kichupo kilichofungwa kwa bahati mbaya. Ukirudia kubonyeza, vinarudi na vile vilivyofungwa kabla yake. Ctrl+L hukupeleka kwenye sehemu ya anwani bila kugusa kipanya. Ctrl+1 hadi Ctrl+8 huchagua kichupo kwa nafasi yake, na Ctrl+9 huenda kwenye kichupo cha mwisho, hata kama vimefunguliwa ishirini. Ctrl+J huonyesha faili ulizopakua, Ctrl+H huonyesha historia, na Ctrl+D huhifadhi alamisho, yaani anwani ya ukurasa unaotaka kuurudia. Wako pia wanaosifu Ctrl+Enter, inayoongeza www na .com kwenye neno uliloliandika katika sehemu ya anwani, lakini kwa mtu anayeshinda kwenye tovuti za .go.tz sifa hiyo haimfai kitu.

Mitego ni michache, na wewe umekwisha kukutana na mkubwa wake. Dirisha la faragha kwenye Chrome na Edge ni Ctrl+Shift+N, na kwenye Firefox ni Ctrl+Shift+P. Anayetoka Firefox kwenda Chrome naye hunaswa upande wa pili, kwa sababu huko Ctrl+Shift+P hufungua kisanduku cha kuchapisha cha Windows. Ctrl+Shift+A kwenye Chrome na Edge hutafuta miongoni mwa vichupo vilivyo wazi, lakini kwenye Firefox hufungua orodha ya viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari. Ili kutafuta vichupo kwenye Firefox, nenda kwenye sehemu ya anwani, andika alama ya % ikifuatiwa na nafasi, kisha andika neno unalolikumbuka. Ctrl+Shift+S hupiga picha ya ukurasa kwenye Edge na Firefox. Chrome haina mkato huo. F9 nayo, kwenye Edge na Firefox za Windows, huondoa matangazo na mapambo na kukuachia maandishi matupu ya makala, ikiwa ukurasa wenyewe unaruhusu.

Kuhusu kilicho bora, kwa kazi yako ningebaki na Edge, na sababu yangu ni moja: Ctrl+Shift+U. Mkato huo huufanya ukurasa usomwe kwa sauti, na miongoni mwa sauti zilizopo zimo za Kiswahili, Rehema na Daudi kwa matamshi ya Tanzania, Zuri na Rafiki kwa ya Kenya. Sauti hizo zinahitaji intaneti, lakini kwa mtu anayehakiki nyaraka ndefu, sikio hukamata neno lililorudiwa ambalo jicho limeliruka. Kero ya Edge ni habari na matangazo yanayojazwa kwenye kila kichupo kipya. Yazime kwenye mipangilio ya ukurasa huo siku ya kwanza. Mwenzako anayeipigia debe Firefox naye ana hoja, hasa kama anatumia barua pepe mbili, ya ofisi na ya kwake, kwa kuwa Firefox ina kiendelezi cha Mozilla kiitwacho Multi-Account Containers kinachokuwezesha kufungua akaunti zote mbili katika dirisha moja bila kuingiliana. Kwenye Chrome na Edge utalazimika kutengeneza wasifu mbili zenye madirisha tofauti.

Shikamoo Mhariri. Nina duka la stationery Mwanza. Wateja huja kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, ya ajira na ya vyeti vya kuzaliwa vya RITA. Kompyuta zangu zina RAM ya GB 4 na moja bado ni Windows 7. Chrome huganda ikifika vichupo kumi. Pia naogopa mteja mmoja kukuta akaunti ya mwingine imeachwa wazi, na nimeambiwa nitumie hali fiche, yaani dirisha la faragha. Je, inatosha? (Mwenye duka, Mwanza)

Marahaba. Hali fiche ni nzuri lakini kwa duka lako haitoshi, na kinachoiangusha ni jambo ambalo wengi hawalijui. Madirisha yote ya hali fiche yaliyo wazi kwa wakati mmoja hushiriki vidakuzi vilevile, yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti hutumia kukumbuka kwamba umeingia kwenye akaunti. Mteja wa kwanza akiondoka bila dirisha lake kufungwa, nawe ukamfungulia wa pili dirisha jingine la hali fiche, huyo wa pili akienda kwenye tovuti ileile atakuta akaunti ya mwenzake iko wazi. Kinachofuta kumbukumbu ni kufungwa kwa dirisha la mwisho. Kanuni ya duka iwe kwamba mteja akinyanyuka, madirisha yote yanafungwa, na msaidizi wako aisimamie bila kuona haya.

Kilicho bora kidogo kuliko hali fiche ni hali ya mgeni, inayopatikana kwenye Chrome na Edge kwa kubofya picha ya wasifu iliyo juu ya dirisha. Mgeni haoni nenosiri, alamisho wala historia ya mwenye kompyuta, na yeye akifunga, alama zake zinafutwa. Katika hali zote mbili, hata hivyo, faili zilizopakuliwa hubaki kwenye diski. Cheti cha kuzaliwa na barua ya udhamini vya mteja wa asubuhi vitakuwa bado kwenye folda ya vipakuliwa jioni, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi ya duka kama lako. Ifungue folda hiyo kila baada ya mteja na ufute kwa Shift+Delete ili faili zisipitie kwenye pipa la taka. Kama mtu ametumia dirisha la kawaida, Ctrl+Shift+Delete hukupeleka moja kwa moja mahali pa kufuta historia na vidakuzi, na ni mkato uleule kwenye Chrome, Edge na Firefox.

Usimwahidi mteja kwamba hali fiche inamficha asionekane na tovuti au kampuni ya simu. Haifanyi hivyo. Google yenyewe ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kuhusu data iliyokusanywa watu wakiwa katika hali hiyo, na katika maridhiano yaliyowasilishwa mahakamani mwaka 2024 ilikubali kufuta au kuficha utambulisho wa mabilioni ya kumbukumbu hizo.

Sasa kuganda. Tangu mwaka 2018, Chrome ya kompyuta huiendesha kila tovuti katika mchakato wake wa pekee, ili tovuti mbovu isiweze kuchungulia data ya nyingine. Ulinzi huo ulisukumwa na kugunduliwa kwa udhaifu wa vichakato (chipu kuu za kompyuta) ulioitwa Spectre. Ni ulinzi wa maana sana kwa mtu anayelipia huduma mtandaoni, ila gharama yake ni RAM, na GB 4 huliwa upesi. Bonyeza Shift+Esc ukiwa ndani ya Chrome au Edge uone ni kichupo gani kinachokula sana, kisha ukifunge hicho badala ya kuzima kompyuta nzima. Halafu ingia kwenye mipangilio ya utendaji uwashe kiokoa kumbukumbu cha Chrome, au vichupo vinavyolala vya Edge. Kichupo kilicholazwa huweza kupakiwa upya ukikirudia, kwa hiyo tovuti za maombi ziingize kwenye orodha ya zisizolazwa, maana fomu ndefu iliyojazwa nusu si kitu cha kubahatisha. Kati ya hivyo viwili, kwenye mashine ndogo mimi huichagua Edge. Kagua pia viendelezi. Katika kompyuta za biashara mara nyingi vimejazana vingi ambavyo hakuna anayekumbuka nani aliviweka.

Ile kompyuta ya Windows 7 ni suala jingine kabisa. Toleo la mwisho la Chrome na Edge linaloikubali Windows hiyo ni la 109, la Januari 2023, na tangu hapo matundu ya usalama yaliyogunduliwa humo hayazibwi. Firefox 115, katika tawi lake la ESR linalopewa masahihisho ya usalama kwa muda mrefu, iliendelea kuihudumia kwa muda mrefu zaidi, lakini kivinjari kilichozibwa hakiokoi mfumo ambao Microsoft yenyewe iliacha kuuhudumia tangu Januari 2020. Iachie kazi ya kuchapa na kutoa nakala, au mtafute fundi aiwekee Linux, mfumo huria unaochukua nafasi ya Windows, yenye Firefox mpya.

Assalaam aleykum. Natumia iPhone hapa Muscat. Rafiki yangu anasema nikiweka Chrome badala ya Safari kurasa zitafunguka upesi zaidi. Ni kweli? (Msomaji, Oman)

Waaleykum salaam. Si kweli. Apple imezitaka programu zote za kuvinjari kwenye iPhone zitumie WebKit, injini ileile ya Safari, na tangu Machi 2024 ililegeza sharti hilo kwa nchi za Umoja wa Ulaya. Huko Muscat, Chrome ya iPhone ni sura ya Chrome juu ya injini ya Safari. Iweke kama unatumia Chrome kwenye kompyuta na unataka alamisho na manenosiri yakufuate. Kwa sababu ya kasi, usijisumbue.

Mhariri, mimi ni mwanafunzi na bando langu ni dogo. Nimesoma kwamba Chrome ya Android ina kiokoa data lakini siioni sehemu hiyo kwenye simu yangu. Wengine wanasema Opera Mini ndiyo dawa. Je, ni salama? (Mwanafunzi wa chuo, Mombasa)

Hukukosea kutafuta, hali hiyo ya Chrome iliondolewa mwaka 2022 na maelekezo ya zamani hayajasahihishwa. Opera Mini bado inaokoa data, na imekuwa ikifanya hivyo tangu ilipoenea duniani mwaka 2006, kwa kupitisha kurasa kwenye seva za Opera zinazozibana kabla hazijafika kwenye simu. Katika hali yake ya juu kabisa ya kubana, seva hizo ndizo zinazoufungua ukurasa kwa niaba yako, hata ule uliosimbwa, kisha zinautuma tena ukiwa umebanwa. Maana yake ni kwamba kuna mtu wa kati kati yako na tovuti. Kwa kusoma magazeti na matokeo ya mpira sioni tatizo, ila benki, eCitizen (tovuti ya huduma za serikali ya Kenya) na tovuti ya chuo yenye nenosiri lako zifungue kwa kivinjari kingine. Isitoshe, kurasa zenye fomu nyingi mara nyingi hugoma katika hali hiyo.

Kivinjari hicho kingine, kwa bando dogo, ningependekeza kiwe Firefox, kwa kuwa kwenye Android inakubali viendelezi na Chrome haikubali. Weka uBlock Origin, kiendelezi kinachozuia matangazo. Matangazo mengi, yakiwemo ya video, hayapakuliwi kabisa, na katika tovuti nyingi za habari hayo ndiyo yanayomaliza bando kuliko habari yenyewe. Kwenye kompyuta pia kiendelezi hicho kamili kimebaki Firefox. Chrome iliacha kukipokea katika miaka ya 2024 na 2025 ilipobadilisha kanuni za viendelezi, na ikabakiza toleo lake jepesi. Ukikuta tovuti haifunguki sawasawa, zima uBlock kwa tovuti hiyo tu, usiiondoe yote.