Barua kwa Mwalimu: Niseme watoto wanaumwa macho?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa yuko darasa la sita na mdogo darasa la pili. Kazini kwa mume wangu likizo hupangwa kwa zamu, na mwaka huu zamu yake imeangukia katikati ya muhula. Tangu mdogo azaliwe hatujawahi kusafiri wote wanne. Nauli za wakati huo nazo ni nafuu mno kuliko shule zikifungwa. Watoto watakosa siku nane za masomo. Dada yangu ananiambia nisihangaike na barua za ruhusa, niseme tu wanaumwa macho, maana macho huambukiza na hakuna atakayeuliza. Nashawishika. Nitakuwa nimekosea?*
*Mama wa Wawili*

Marahaba, mama. Nianze na hayo macho, kwa sababu safari yenyewe hainitishi sana.

Nilishika kitabu cha mahudhurio miaka 27. Mwaka mmoja mzazi alinitumia ujumbe kwamba binti yake, darasa la pili kama wako mdogo, ana tetekuwanga. Nikamwandikia M ya mgonjwa wiki nzima. Jumatatu iliyofuata mtoto akarudi, ngozi laini haina hata alama moja, na kabla sijamaliza kuita majina alikuwa ameshawaeleza wenzake jinsi boti inavyoyumba na jinsi baba alivyotapika. Katikati ya sentensi akakumbuka. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi nilikuwa naumwa." Sikumuuliza kitu. Lakini kwa siku kadhaa hakuleta daftari mezani kwangu mwenyewe, alimtuma rafiki yake. Alikuwa na miaka saba, na mzigo aliobebeshwa haukuwa wake.

Mdogo wako atafanya hivyohivyo, atakuumbua kabla ya mapumziko ya saa nne. Mkubwa pengine ataweza kunyamaza, na hilo ndilo lingenikosesha usingizi zaidi. Halafu ipo siku ataumwa kweli, na wewe utakuwa unamwandikia mwalimu aliyekwisha kuona picha za safari kwenye simu ya mtu.

Hukuniambia unaishi wapi, na barua hizi hunifikia kutoka pande nyingi, kwa hiyo angalia kwanza sheria ya huko uliko. Usidhani kila mahali ni suala la kuelewana na mwalimu mkuu tu. England, kwa mfano, tangu mwaka 2013 mwalimu mkuu haruhusiwi kutoa ruhusa ila kwa sababu ya kipekee, na likizo ya kifamilia kwa kawaida haihesabiwi humo. Tangu Agosti 2024 faini ni pauni 80 ukilipa ndani ya siku 21, ukichelewa ni 160, na inamhusu kila mzazi kwa kila mtoto. Wazazi wawili, watoto wawili: 320 hata kama mmewahi kulipa. Piga hesabu ya nauli upya hapo. Kuna baba mmoja wa Kisiwa cha Wight aliyempeleka bintiye Florida mwaka 2015, akagoma kulipa, akashinda kwenye mahakama za chini kwa hoja kwamba mahudhurio ya mtoto kwa jumla yalikuwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikamkatalia: kuhudhuria ni kufuata kanuni za shule, si kuja siku nyingi kiasi unachoona wewe kinatosha. Ujerumani nako, mwaka 2018, polisi wa Bavaria walikuta familia kwenye uwanja wa ndege wa Memmingen, zimeondoka siku chache kabla ya shule kufungwa. Mimi polisi kumkagua mtoto aliyebeba begi lenye katuni naona ni kupitiliza, lakini maoni yangu hayatakulipia faini.

Uholanzi wana kanuni ambayo ingemfaa mumeo. Mzazi ambaye aina ya kazi yake haimruhusu kabisa kupumzika wakati wa likizo za shule anaweza kuombea watoto ruhusa ya hadi siku kumi, mradi zisiangukie wiki mbili za mwanzo wa mwaka wa masomo. Popote ulipo, barua ya mwajiri inayoonyesha kwamba zamu hakuichagua yeye ina nguvu kuliko maelezo marefu. Iambatanishe. Na uombe kabla ya kukata tiketi. Mzazi anayeingia ofisini na tiketi mkononi haombi, anatoa taarifa, na walimu wakuu niliowafahamu walichukia hilo kuliko safari yenyewe.

Sasa masomo. Watu huhesabu siku, eti nane ni chache. Katika mwaka wa siku 190 ni kama asilimia nne tu, ni kweli, ingawa mafua na meno hayajachukua zake. Lakini siku za shule hazilingani. Zipo wiki tunazorudia mambo ya muhula uliopita, na ipo wiki ambayo mlango unafunguliwa mara moja tu.

Nilikuwa na kijana wa darasa la tano, hodari, mwandiko wa kupendeza. Akasafiri na wazazi siku sita, kwa ruhusa, kila kitu sawa. Siku hizo ndizo nilizofundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Aliporudi akanakili madaftari ya mwenzake yote, mistari miwili chini ya kila kichwa cha habari. Nikaridhika. Wiki tano baadaye kwenye jaribio akaandika kwamba nusu ukijumlisha theluthi unapata mbili ya tano. Alikuwa amejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Nikamwuliza, mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Akafikiri. Ndogo. Sasa uliongeza kitu kwenye nusu, kikapungua? Akacheka mwenyewe, na kwa dakika ishirini tukakata karatasi vipande sita-sita mpaka tano ya sita ikaonekana kwa macho. Dakika ishirini tu! Lakini wiki tano alitembea na kosa hilo, akilijengea asilimia na desimali juu yake, na mimi sikujua kwa sababu daftari lilikuwa safi.

Ndiyo maana nakushauri umwendee mwalimu wa yule wa darasa la sita umwulize, "Wiki hizo mbili mtafundisha nini?" Akikwambia ni marudio, nendeni. Akikwambia ni mada mpya ya hesabu au kuna jaribio linaloingia kwenye ripoti, mumeo aone kama mwenzake kazini anaweza kubadilishana naye zamu hata kwa wiki moja. Mkirudi, usiulize kama amenakili. Mpe swali moja la mada ile, alifanye mbele yako.

Wa darasa la pili mchukulie kitabu kimoja cha hadithi, msome pamoja kila usiku. Inatosha. Niliwahi kuandaa bahasha nene za kazi za safarini, na zilirudi ama tupu, ama zimejazwa kwa mwandiko wa mama.

Shule ikikataa kabisa, sogezeni safari ikae mwishoni mwa muhula, iguse likizo, mkose siku mbili au tatu badala ya nane. Ikishindikana hata hiyo, mimi nisingekwenda mwaka huu. Najua si jibu ulilolitaka.

*Mwalimu, mimi niko kidato cha tatu. Wazazi wanataka twende likizo wiki ambayo tuna mtihani wa vitendo wa fizikia. Nikisema sitaki wananiita mtoto asiye na shukrani. Nifanyeje?*
*Kijana*

Mwanangu, hujakosa shukrani, ila huenda umekosa muda mzuri wa kusema. Usiwaambie "sitaki kwenda". Chukua ratiba ya mtihani, weka alama siku yenyewe, mpelekee baba akiwa ameshakula na ametulia. Mweleze kwamba insha unaweza kuiandika popote, ila mtihani wa vitendo unahitaji maabara, vifaa na msimamizi, na shule haiwezi kuvipanga upya kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Mwombe mwalimu wako wa fizikia azungumze nao kwa simu, wazazi husikia haraka kinachosemwa na mtu mzima mwenzao.

Kisha uje na pendekezo, usije na malalamiko tu: wao watangulie, wewe ubaki kwa shangazi au mjomba mpaka mtihani uishe, ndipo uwafuate kama nauli ipo. Na huko kwa shangazi, osha vyombo bila kuambiwa.