Maswali ya Wasomaji: Nichukue simu ya ofisi au pesa ya kununua yangu?

Swali: Mimi ni afisa mikopo. Kazini tumeambiwa tuchague: kupokea Samsung ya ofisi yenye laini yake, au kupewa shilingi 400,000 kila mtu anunue simu yake mwenyewe, kwa sharti aweke programu ya ofisi ndani yake. Simu yangu ina GB 32, imejaa, na chaji inakata saa nane mchana. Moyo unataka pesa. Mnanishauri nini?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Ndugu yetu, chukua simu ya ofisi, na hiyo yako ibadilishe betri. Mtu wa kazi nyingine tungemjibu vingine, lakini afisa mikopo kila siku anapiga picha vitambulisho vya wateja, mikataba, hata nyumba zilizowekwa dhamana. Ukizipiga kwa simu yako zinakaa galari moja na picha za watoto, na kama umewasha Google Photos ihifadhi nakala, zinapanda kwenye akaunti yako binafsi bila wewe kugusa kitu. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mteja akilalamika, ni wewe utakayeulizwa kadi yake ya NIDA ilifikaje huko. Halafu kuna namba: mdaiwa akishaipata namba yako, anayo hata ukiacha kazi.

Kabla ya kusaini, uliza simu hiyo inasimamiwaje. Ziko namna mbili kubwa. Ya kwanza, simu nzima iko chini ya ofisi; ukishusha menyu ya juu au ukitazama skrini ikiwa imefungwa, utakuta maandishi kwamba kifaa ni cha shirika. Hapo wasimamizi wanaweza kuona programu zote ulizoweka, kuzuia baadhi, na kufuta simu yote wakiwa mbali. Ya pili ina sehemu mbili, binafsi na kazi, na programu za kazi zina alama ndogo ya mkoba. Sehemu yako hawaisomi, ila simu ikiwa mali yao bado wana uwezo wa kuifuta yote. Kwa hiyo, vyovyote iwavyo, simu ya ofisi isiwe mahali pekee penye picha ya harusi yako.

Laini ndiyo inayowaumiza wengi. Laini ya ofisi imesajiliwa kwa jina la kampuni, na akaunti ya M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas hufuata usajili wa laini. Usiweke akiba yako humo, wala usiipe benki namba hiyo ikutumie namba za uthibitisho. Siku ukiondoka, laini inabaki, na anayeipokea ndiye atakayepata ujumbe wako wa benki. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ikitokea ofisi wamesajili laini yao kwa alama zako za vidole, waombe waihamishie kwa kampuni, kwa sababu kosa lolote litakalofanywa kwa laini hiyo litaanza kuulizwa kwako.

Kwenye karatasi ya makabidhiano ziandikwe modeli, IMEI, yaani namba ya kipekee ya kila simu (bonyeza *#06#, simu ya laini mbili ina IMEI mbili), hali ya kioo, chaja, nani analipa kioo kikipasuka, na nani ananunua bando. Tunalisisitiza hili la bando. Simu ya ofisi isiyo na bando inaishia kuvuta intaneti ya simu yako, na gharama yote inarudi mfukoni mwako.

Simu yako ya sasa, fundi akishafungua mfuniko akakuta betri imevimba, usikubali airudishe hata kwa siku moja. Nafasi nayo, anzia WhatsApp: Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi, kisha futa yaliyozidi MB 5. Video za makundi ndizo zinazokula simu za GB 32.

Ukiamua pesa hata hivyo, uliza kwanza kama itakatwa PAYE, ile kodi ya mshahara, na kama utadaiwa ukiacha kazi mapema. Simu iwe na RAM ya GB 6 na hifadhi ya GB 128, maana sehemu ya kazi huweka nakala zake za programu juu ya zile zako. Angalia tundu la laini: nyingi zinakulazimisha uchague laini ya pili au memori kadi. Uliza masasisho ya usalama yataendelea miaka mingapi, kwa kuwa ofisi nyingi hukataa simu iliyoachwa nyuma. IMEI itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ujue kama simu ni halisi.

Siku ya kuweka programu ya ofisi, soma kinachoombwa. Ikitengeneza sehemu ya kazi yenye alama ya mkoba, kubali: ofisi watafuta sehemu hiyo tu, na wewe unaweza kuisitisha jioni ikanyamaza hadi asubuhi. Lakini ikiomba kuwa msimamizi wa kifaa, na kwenye orodha ya ruhusa pameandikwa kufuta data yote, kataa. Hapo utakuwa umenunua simu yako kisha ukawakabidhi ufunguo wa kuifuta nzima.

Swali: Nimenunua simu iliyotumika, nikaifuta upya. Nilipounganisha Wi-Fi ikaandika ni ya kampuni fulani. Fundi anasema atai-flash, yaani ataipakia mfumo upya. Je, itapona?
Msomaji, Mombasa

Jibu: Rudisha simu, dai pesa zako. IMEI au namba yake ya utambulisho iko kwenye orodha ya kampuni hiyo huko kwenye seva, kwa hiyo kila ikifutwa na kupata intaneti inajirudisha kwa mwenyewe. Kazi ya fundi inaweza kushikilia wiki mbili tatu, kisha ukifuta tena unarudi palepale. Anayeweza kuiondoa kwenye orodha ni kampuni yenyewe. iPhone za ofisi ziko vivyo hivyo. Safari nyingine, mwambie muuzaji aifute mbele yako, iunganishwe na intaneti, na usitoe pesa mpaka ifike skrini ya mwanzo bila kudai akaunti ya mtu wala jina la kampuni.

Swali: Narudisha simu ya kazi Ijumaa. Nianze na nini?
Msomaji, Arusha

Jibu: Anza na programu za namba za uthibitisho, zihamishie kwenye simu yako na ujaribu kuingia kabla hujafuta kitu. Kisha hamisha picha na majina yako binafsi. Ya wateja yaache. Kama WhatsApp yako binafsi imeunganishwa humo, itoe kupitia Vifaa vilivyounganishwa kwenye simu yako. Ile ya laini ya ofisi, waulize kama wanaihitaji. Wakiitaka, zima uthibitishaji wa hatua mbili, la sivyo anayekufuata atazuiwa siku 7. Mwisho ondoa akaunti yako ya Google kwenye mipangilio. Simu ikifutwa kwa vitufe wakati akaunti bado imo, itadai nywila yako, nao watakupigia usiku. Kuifuta kabisa waachie wao, halafu uondoke na nakala iliyosainiwa yenye IMEI na tarehe.