Re: Kuzamia kwa mara ya kwanza Bonaire, kozi nifanyie wapi?

Habari ndugu. Kwa hiyo una siku saba Bonaire, kile kisiwa cha Karibi, hujawahi kuzamia na mtungi wa hewa, na umekwama kwenye kozi: nyumbani au kulekule? Mimi nilifanyia kulekule na sijutii. Ila nadharia na fomu ya afya vimalize kabla ya kusafiri. Ukijibu "ndiyo" kwenye pumu au moyo watataka barua ya daktari, na kumsaka daktari ukiwa likizoni ni kero tupu.

Cha kwanza kuangalia ni tiketi ya kurudi. Ukishazamia siku kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mimi huacha siku nzima. Ada ya hifadhi ya bahari ilipie mtandaoni. Glavu ziache nyumbani, haziruhusiwi.

Raha ya Bonaire ni kuingia majini kutokea ufukweni. Mawe ya njano kando ya barabara yanakuonyesha mahali pa kuzamia. Lakini usitegemee mchanga, sehemu nyingi ni vipande vya matumbawe. Nunua viatu vya kuzamia vyenye soli ngumu. Mimi nilijifanya mjanja na ndala zangu, nikachechemea siku mbili.